Aliyetuandikia Noti Ndogo

"Kama bote munapumua pamoja, wimbo unabaki na nani?"

Swali hilo aliniuliza mzee wa kundi letu la muziki siku ya kwanza nilipoingia katika ukumbi wa parokia, Butembo, na klarineti ya kuazima mkononi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nilikuwa na diploma yangu kwenye bahasha na maoni juu ya kila kitu. Kwa hiyo nikafanya kama ninavyofanya mpaka leo nikikosa jibu, nikauliza swali langu: kwani ni lazima wimbo ubaki na mtu?

Alinitazama kwa juu ya miwani yake, akawageukia wengine.

"Haya, mufurahi. Mademoiselle Pourquoi aliisha kufika."

Jina langu ni Masika, lakini pale ukumbini jina hilo jipya, Bi Kwa Nini, lilinishika. Yeye tulimwita Papa Partition. Partition kwetu ni karatasi ya muziki, na hakuna mtu aliyewahi kumwona mzee yule bila karatasi za muziki kwapani, hata sokoni, hata kwenye matanga. Sikumbuki sana uso wake kama ninavyokumbuka lile kwapa.

Kazi yake ilikuwa moja na haikuisha. Padri mmoja mzee, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia fotokopi ya sehemu moja ya simfonia, ile sehemu ya polepole, isiyo na jalada wala jina. Iliandikwa kwa orkestra nzima, na zaidi kwa violini. Sisi hatukuwa na violini hata moja. Tulikuwa watu kumi na wawili wa vyombo vya kupuliza: klarineti, filimbi, saksofoni mbili, basuni moja aliyoipiga yeye mwenyewe ikilia kama mlango. Baadhi yetu tulisoma noti vizuri. Wengine walianza mwezi uliopita. Papa Partition alitaka kipande hicho chote kitoke katika midomo hiyo kumi na miwili, na kifike mwisho. Hicho tu. Kila tulipojaribu, kilikatika njiani.

Tatizo, alisema, ni kwamba violini haipumui. Mkono unaweza kwenda na kurudi hadi jioni. "Mais mutu wa filimbi anapumua kama mutu yeyote. Huyu Muzungu aliandikia batu benye hawachoke. Miye niko na ninyi." Kwa hiyo alikata kila mstari mrefu vipande, akagawa: hapa filimbi apumue, klarineti ashike, hapa klarineti apumue, saksofoni ashike. Kupumua kwa zamu. Alituwekea alama ya kupumua, kialama kama mkato juu ya mstari, na ole wake aliyepumua pasipo na mkato.

Aliandika nyuma ya hati za mizigo. Karatasi hizo alipewa na Saidi, msafirishaji wa Beni, Muislamu, ambaye alileta mchele na saruji na kupeleka viazi, na kila Jumamosi alicheza saksofoni nasi katika ukumbi wa Wakatoliki. Upande mmoja wa karatasi yangu ulisema magunia arobaini ya saruji, upande mwingine ulikuwa simfonia. Ile mistari mitano ya muziki, Papa hakuichora mmoja mmoja. Alifunga mirija mitano ya kalamu za Bic pamoja kwa uzi wa raba, akaikokota mara moja tu kutoka kushoto hadi kulia, akiwa amezuia pumzi. Mistari ikitoka imepinda alichana karatasi akaanza upya, na hapo ndipo matusi ya Kilingala yalimtoka, yeye aliyekomunika kila asubuhi.

"Papa, na misa je?" Saidi alimchokoza.

"Mungu anasikia Kiswahili na Kifaransa. Lingala anaachia baaskari."

"Miye naogopa. Muislamu kila Jumamosi mu parokia. Siku moja mutanibatiza bila miye kujua."

"Saksofoni yako iliisha kubatizwa. Weye njo ulibakia."

Jambo moja alilichukia kuliko kuchelewa: mtu kuongeza kitu ambacho hakikuandikwa. Siku moja Saidi, kwa furaha tu, alipamba mwisho wa mstari wake kwa noti tatu za kupanda. Papa alisimamisha kila kitu. Alitembea hadi kwenye kiti cha Saidi na kumwinamia kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Ni weye uliandika hii?"

"Hapana, Papa."

"Basi acha marehemu mwenye aliandika alale. Ya mutu ni ya mutu. Hatuongeze ata noti moja."

Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe amebadilisha kila kitu, ametoa violini akaweka filimbi za plastiki, sasa uaminifu huo ni upi? Alisema kumvalisha mtu nguo nyingine si kumwongezea mkono. Sikuridhika. Nilitaka kuiona fotokopi yenyewe. Alikataa. Nilitaka jina la kipande ili nikisikilize kwenye simu. Alikataa pia. "Ukiisikia mu simu, utacheza kama simu." Mimi nilishuku kwamba jina halijui, na nilisema hivyo mbele ya wote. Hakukasirika. Alikuwa anasaga ulimi wa klarineti yangu kwa msasa, maana zile ndimi za mwanzi tulizitumia hadi ziote ukungu, naye akaendelea kuusaga, akaulamba, akanirudishia.

Lakini nimekwisha kusema habari za karatasi bila kusema lililotutia wasiwasi sote. Kundi letu lilikuwa nusu la Butembo na nusu la Beni. Katikati ni barabara, na zaidi ya Beni kuna barabara nyingine, ya Mavivi na Mbau, iliyofungwa na kufunguliwa kama dirisha lenye upepo. Klarineti mbili bora, dada wawili, walitoka Mbau. Jumamosi asubuhi kila mmoja wetu alikuwa na simu mkononi kabla ya chombo. Mumetoka? Muko wapi? Hapana kupita, wanasema wamesikia milio ya risasi. Kisha mtandao unakatika, na wewe unabaki na ujumbe wenye alama moja tu, unapuliza gamu zako, zile ngazi za noti za mazoezi, bila kusikia unachopuliza.

Papa alituhesabu. Alituhesabu tulipoingia na alituhesabu tulipotoka, kwa kidole, akinong'ona, na akirudia mara ya pili. Alisema haamini bahati wala uchawi. Lakini bila kuhesabu mara mbili hakuinua mkono.

Na alituandikia noti ndogo. Katika kila karatasi, chini ya noti zako za kawaida, kulikuwa na nyingine ndogo kama mbegu za mchicha. Hizo zilikuwa za mtu mwingine. Mwenzako akiwa hayupo, unacheza zake. Alizipanga kwa hila ambayo ilinichukua miezi kuitambua: sauti ya mtu wa Mbau ilirudiwa kwa mtu wa Butembo, ya mtu wa Butembo ikarudiwa kwa mtu wa Beni. Hakuna mstari uliokaa kwa watu wawili wanaotumia njia moja.

Nilipoziona noti za solo yangu, noti ndogo kabisa, kwenye karatasi ya Saidi, nilimfuata nje nikiwa nimevimba.

"Hunitegemei."

"Nakutegemea sana, mutoto wangu. Ni barabara njo siitegemee."

Ilikuwa jibu zuri. Kwangu jibu zuri si sawa na jibu la kweli, na kwa hiyo nilianza kupekua karatasi za kila mtu, nikitafuta kasoro. Niliipata kwa Mama Kanyere.

Mama Kanyere alikuwa mkulima wa Vuhovi, auzaye vitunguu vya majani na kabichi katika soko la Butembo. Alipuliza filimbi ya plastiki, ile ya watoto wa shule, na baada ya mwaka mzima alijua noti nne: sol, la, si, do. Papa alimwandikia kwa noti hizo nne tu, na zote zilikuwa zinarudiwa kwetu, si kwa noti ndogo bali kwa kubwa. Siku moja wakati wa chai niliwaambia wale dada wa Mbau, nikicheka, nikijiona mtaalamu: "Mama Kanyere akuwe, asikuwe, ni sawasawa. Noti zake zote ziko kwetu."

Sikukosea. Ndilo lililonifanya nisiombe msamaha kwa muda mrefu. Nilikuwa sahihi, na Mama Kanyere alikuwa bombani nyuma ya mlango, anasuuza filimbi yake. Papa alikuwa pale naye, na thermos mkononi. Mama alikung'uta maji, akaifunga filimbi katika kitenge, akasema, "Wasingya," yaani asante kwa Kinande, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaenda zake. Papa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi iliyofuata Mama Kanyere hakuja. Papa alituhesabu: kumi na mmoja. Akarudia: kumi na mmoja. Kisha akatugawia ukurasa mpya wa mwisho wa kipande. Tulipoufikia tukicheza, pale ambapo sauti zote zinapanda kama watu wanaokwea mlima kwa mzigo, kila karatasi ilikuwa na mkato. Yangu, ya Saidi, ya filimbi zote, hata ya basuni. Sote tulivuta pumzi kwa pamoja. Ukumbi ukafunguka shimo la mapigo manne, marefu, ya polepole. Mtoto wa jirani akasikika akilia.

"Umekosea," nilimwambia. "Papa, njo weye uliniuliza: kama bote munapumua, wimbo unabaki na nani?"

"Na uliisha kunijibu?"

"Haubaki na mutu yeyote!"

"Donc endelea kutafuta."

Jumatatu alipanda pikipiki hadi Vuhovi, mzee yule mwenye mgongo mbovu, na karatasi moja kwapani. Hatukujua alisema nini huko. Jumamosi Mama Kanyere alirudi, akakaa kwenye kiti chake bila kunitazama. Tulipofika kwenye shimo, sote tukavuta pumzi, na noti yake ya la ilikuwapo. Ilianza kabla hatujanyamaza na iliendelea mpaka tuliporudi. Sauti nyembamba, ya plastiki, isiyotetemeka. Filimbi ile haihitaji pumzi nyingi. Inahitaji tu mtu asiyeogopa kubaki peke yake.

Nilikubali kwamba ni nzuri. Kisha nikapekua karatasi zote kumi na mbili. Noti ile haikuandikwa kwa mwingine. Kila mstari wa kipande kile ulikuwa na pacha, isipokuwa ule mmoja, na huo alipewa mtu dhaifu kuliko wote, atokaye kwenye kilima chenye tope, ambaye mimi nilimfukuza kwa mdomo wangu. Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Parokia moja ya Beni ilikuwa imetualika kucheza kwenye yubile yake. Ilikuwa nafasi ya Papa kusikia kipande chake kikifika mwisho mbele ya watu. Kikikatika pale, nilijua atakayekuwa amekikata.

"Niandikie na miye," nilimwomba. "Noti ndogo. Kama hafiki."

"Ule hatakosa."

"Unajuaje?"

"Masika. Mutu anakosa kufika kwenye haombwe."

Siku ya Beni tulikutana alfajiri kwenye gari la Saidi, aliyelala Butembo, mvua ikiwa imepiga usiku kucha. Papa alihesabu watu wa Butembo akapungukiwa mmoja. Alihesabu tena. Mama Kanyere hakuwapo, na simu yake ilikuwa inasema kile isemacho simu ya mtu aliye nyuma ya kilima. Nilimwambia tungoje. Akapanda gari. "Tuende."

Njiani hakuna aliyezungumza sana. Saidi aliendesha na saksofoni kati ya kiti na mlango, akipigia simu madereva wenzake waliotangulia: Kuko aje? Iko kimya? Kimya ya muzuri ao ya mubaya? Tulipofika Beni tukapata ujumbe wa wale dada: barabara ya Mbau imefungwa tangu asubuhi, hawatoki, wako nyumbani, wazima. Nilihema kwa lile neno wazima, kisha nikaona aibu, maana wazo la pili lilikuwa klarineti zao.

Papa alituhesabu: tisa. Akarudia: tisa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Noti ndogo." Ndivyo tu. Kila mtu akashusha macho kwenye zile mbegu za mchicha. Nilikuwa na sauti yangu na ya dada mkubwa. Mwenzangu mmoja wa Butembo alikuwa na ya mdogo. Tulizijua. Ndipo nilipoelewa kwamba muda wote huo tulikuwa tunajifunza kutokuwepo kwa wenzetu.

Misa ilikuwa inaelekea mwisho. Nilimfuata Papa nyuma ya sakristia.

"Papa, niachie ile la. Naiweza. Naipuliza kwa klarineti, hakuna atakayejua."

"Iyo noti iko na mwenyewe."

"Na kama hafiki?"

"Basi tutanyamaza."

Alisema hivyo bila hofu, nami nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilitaka kumtikisa. Watu mia kadhaa mle ndani, na yeye yu tayari kuacha shimo katikati ya kazi ya maisha yake kwa ajili ya noti ambayo mtoto wa darasa la tatu angeipuliza!

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Mama Kanyere alishuka akiwa na tope hadi magotini, kitenge cha sikukuu kimekunjwa kiunoni, filimbi kifuani ndani ya majani ya mgomba.

"Ni barrière ya baaskari mu njia," alisema, akihema. "Askari anauliza: Mama, iyo kijiti ni ya nini? Nikasema ya muziki. Hakuamini. Akaifungua vipande bitatu, akachungulia ndani kama mutu anatafuta panya. Akasema piga. Nikapiga."

"Ukapiga nini?" Saidi aliuliza.

"Zangu ine. Akasema: Mama, ni izi tu? Nikasema: izi tu. Akacheka sana, akashusha kamba."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bomba, alinitazama usoni.

"Mademoiselle Pourquoi. Leo niko, ao siko?"

Safari hii sikumrudishia swali. Nilisema, "Uko, Mama. Unisamehe." Akanipa majani ya mgomba niyashike, kama mtu anavyompa binti yake kitu, akapangusa filimbi.

Papa alihesabu: kumi. Akarudia: kumi. Akainua mkono.

Hatukucheza vizuri. Saidi aliingia mapema mara moja, na ulimi wangu ulilia kama bata mahali ambapo sitawahi kupasahau. Lakini tulikwea hadi pale juu, sote tukavuta pumzi, na mle kanisani, juu ya vichwa vya watu waliokuja na simu zao zimewashwa mifukoni wakingoja habari za ndugu zao, kulikuwa na noti moja ya la. Kikohozi kilichokuwa kinasikika tangu mwanzo kikakoma. Kisha tukarudi, tukashuka, tukafika mwisho. Papa aliweka basuni chini akakaa, mikono magotini, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta ufunguo uko palepale.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa. Nilikuwa nasoma Kisangani, nikaja Butembo likizo. Nilimkuta barazani kwake anachambua maharagwe, na mikono ilikuwa inatetemeka. Ile mirija mitano ya Bic ilikuwa juu ya kidirisha, imekauka. Alinihesabia watu: Saidi yuko, amenunua gari lingine, wale dada wamehamia Butembo kwa shangazi yao, Mama Kanyere amejua noti ya tano. "Fa. Inamusumbua."

Nilimuuliza kile nilichokuja kuuliza. Kwa nini noti ile hakumwandikia mtu wa pili?

"Uliisha kujibu yangu?"

"Nilijibu. Unabaki na Mama Kanyere."

"Hm," alisema. "Nusu."

Aliingia ndani polepole, akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa raba. Fotokopi ya padri. Nilinyoosha mkono nikaanza kuifungua palepale, naye akanipiga kidogo kwenye vidole kwa ganda la haragwe.

"Hapana kusoma mu njia. Mu njia mutu anaangalia njia."

Aliniaga akiwa amesimama, na nilipogeuka langoni nilimwona ananielekezea kidole, midomo inasema: moja. Kisha tena: moja.

Bahasha ilikaa chini ya sanduku langu zaidi ya miaka miwili. Nilidhani najua kilichomo, nilikuwa nimekicheza. Niliifungua wanafunzi wenzangu wachache walipotafuta kitu cha kucheza, nikafuata mistari kwa kidole hadi pale juu, mahali pa mkato wetu. Violini, filimbi, klarineti, basuni, ngoma: zote zina alama ya kunyamaza, mapigo manne. Hakuna la. Hakuna noti yoyote. Kama siku ile Mama Kanyere asingefika Beni, tungekicheza sawasawa kama kilivyoandikwa.